Uwanja wa Ndege Usio na Pa Kukaa

Viti vyetu viliondolewa Jumatatu moja ya Novemba, vyote mia na kumi na viwili, na kufikia Jumanne asubuhi tulikuwa uwanja wa ndege pekee katika mkoa mzima ambao mtu hawezi kuweka makalio chini bila risiti. Sifa yenyewe si kubwa, kwa sababu mkoa mzima una uwanja mmoja tu, huu wetu wa Talovsk, wenye ndege mbili kwa wiki, mbwa mmoja wa kunusa mabomu na njia ya kurukia inayopasuka kila theluji ikiyeyuka. Lakini mkurugenzi alitaka tuwe wa kwanza katika jambo fulani, na wa kwanza tukawa.

Mimi naitwa Kapitolina Yegorovna. Sura yangu huenda huijui, ila kama umewahi kuondoka Talovsk sauti yangu unaijua. Ndiyo iliyokwambia mlango umefunguliwa, na ndiyo iliyokwambia ndege imechelewa kwa sababu ya hali ya hewa, hata siku zile jua linawaka na rubani bado anatafuta suruali yake. Miaka thelathini na moja nimesema uongo huo kwa sauti tamu na sijawahi kukohoa.

Mkurugenzi wetu, Eduard Arkadyevich, alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, viatu vya ncha, ndevu zimechongwa kwa rula. Aliletwa kutoka Moscow kutukomboa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulisema, tukampokea kwa mkate na chumvi. Mwenyeji hakupona. Kabla ya kuja kwetu alikuwa anasimamia duka la masofa, kwa hiyo mambo ya kukaa aliyajua kuliko sisi sote, na anayekujua vizuri ndiye anayejua pa kukubana.

Alitukusanya akatusomea fundisho lake, alilolipata kwenye kozi ya siku tatu, ambalo baadaye lilibandikwa ukutani kwenye chumba cha chai. Abiria aliyekaa hanunui. Aliyesimama hutembea, anayetembea huona, anayeona hununua. Basi viti vikapakiwa kwenye lori, na mahali pake zikaja zile alizoziita huduma. Ulikuja mkahawa wa Mawinguni, wenye viti sita na bakuli la pelmeni, vile vidonge vya unga vyenye nyama ndani, kwa bei ya bata mzima. Ulikuja Ukumbi wa Heshima, una makochi ya ngozi na mtu wa kukuvalisha mifuko ya plastiki juu ya viatu, na kuingia humo ilibidi uuze ng'ombe. Katikati ya ukumbi mkubwa, peke yake, kiliwekwa kiti cheusi cha kukanda mwili, kinachotaka pesa kama mlango wa choo cha stesheni. Na kwa wagonjwa kulikuwa na kiti cha magurudumu, kipya, bado kimevikwa nailoni, ndani ya kabati la kioo. Kilitakiwa kuombwa kwa maandishi saa arobaini na nane kabla ya kuugua.

Kiti changu pia kilikwenda. Nilimfuata ofisini.

"Eduard Arkadyevich, na mimi abiria?"

"Kapitolina Yegorovna, sauti ya mtu aliyesimama ina tabasamu ndani yake. Kuna utafiti."

"Na magoti yangu je? Yamefanyiwa utafiti?"

"Utazoea, mama. Halafu naomba urekodi sentensi moja ndogo kwa ajili ya kile kiti kipya. Ukiwa umesimama."

Nikarekodi. Mshahara ni mshahara.

Sasa, kwetu Urusi mtu haanzi safari bila kukaa. Koti umeshavaa, begi liko mlangoni, gari linanguruma nje, lakini kwanza mnakaa wote, hata anayebaki, hata mtoto, kimya kabisa, dakika moja. Ukisema neno hamjakaa, mnaanza upya. Kisha mkubwa wa nyumba anasema, "Haya, Mungu atutangulie," mnanyanyuka. Usiniulize kukaa huko kunafanya kazi gani. Mimi nimesoma, nina cheti, na sijawahi kwenda hata dukani kijiji cha pili bila kukaa. Huyo kijana wa masofa naye amezaliwa kwetu, amelelewa na mama wa kwetu, na jambo hili lilimpita vipi hadi leo silielewi.

Jumanne hiyo, saa tatu na nusu asubuhi, akaja dirishani kwangu mzee mmoja mrefu, amevaa koti la manyoya na kofia ameishika mkononi. Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi, na sisi ngazi hatuna.

"Binti," akaniambia, na mimi nina miaka sitini na mmoja, nikalegea papo hapo. "Binti, pa kukaa ni wapi hapa?"

"Hapana, babu. Yaani hapapo."

"Pamehamia wapi?"

"Kwenye lori."

Alitazama ukumbi kushoto, akatazama kulia. Watu arobaini na watatu walikuwa wamesimama pale kama miti ya msitu uliokatwa matawi. Wengi walikuwa vijana wa visima vya mafuta wanaorudi zamu, mabegi yao yameshachukuliwa, hawana hata pa kuegemea.

"Mimi naitwa Porfiri Lukich," mzee akasema, "seremala wa Zaimka. Nimetengeneza viti maisha yangu yote. Leo nakitaka kimoja, cha dakika moja."

Akanieleza, akikatisha kila maneno manne ili apumue. Moyo wake una mlango mbovu, hauzibi vizuri. Hospitali ya Novosibirsk wangemfungia mwingine, bure, kwa nafasi ya serikali. Nafasi hiyo ameisubiri miezi minane. Alitakiwa kujiandikisha wodini kesho yake saa mbili asubuhi, na asipotokea linaitwa jina linalofuata, yeye anarudi mkiani. Na daktari wa wilaya alishamwambia bila kuficha kwamba mkiani hatafika akiwa hai.

"Sasa si ndege iko hapo nje, babu. Panda tu!"

"Sijakaa."

"Nyumbani hukukaa?"

"Nilikaa. Nikatoka. Nikafika kwenye daraja, nikakumbuka karatasi za hospitali zimebaki juu ya jiko. Nikarudi." Alinitazama ili ahakikishe nimeelewa uzito wake. Nilielewa. Ukirudia ulichosahau, safari imeharibika. Lazima ujitazame kwenye kioo na ukae upya. "Kwenye kioo nikajitazama. Ulimi nikautoa. Lakini jirani yangu aliyeniendesha anapiga honi, tutachelewa, tutachelewa, nikasema basi nitakaa uwanjani. Uwanja mzima wa ndege, mtu atakosa kiti?"

"Babu yangu, hayo ni mambo ya wazee. Panda."

Hapo sura yake ikabadilika.

"Miaka arobaini na minne mimi na Agrafena wangu hatukutoka mlangoni bila kukaa. Ila siku moja. Siku ile gari la wagonjwa lilipokuja kumchukua. Nikawaambia, dakika moja tu tukae. Wakasema mzee, haraka, haraka. Nikanyamaza." Akaivaa kofia, akaivua tena. "Hakurudi. Basi mimi bila kukaa sipandi. Wamwite huyo anayefuata."

Nikataka kumkemea, nikashindwa. Nilimwonea huruma, na hasira ikanipanda kwa viti vile mia na kumi na viwili, ambavyo vingine mimi mwenyewe nilivipaka rangi wakati wa Wasovieti. Ndege ilikuwa ya saa nne kamili. Rubani alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba ukungu unakuja kutoka mtoni na kwamba saa nne na dakika tano hatakuwa na la kujadili na mtu. Asiporuka ataruka Ijumaa. Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika thelathini na nane.

"Nifuate," nikamwambia. Nikafunga dirisha, jambo ambalo sijalifanya kazini tangu nizae.

Tulianzia kwa Ninel Savvichna, mlinzi wetu, mwanamke wa mabega, mwenye ulimi wa kukwangua sufuria. Wakati huo alikuwa anamnyanyua msichana mmoja aliyejaribu kuketi sakafuni.

"Inuka, inuka! Zege la Novemba hilo! Utakaa hapo halafu ukifika miaka thelathini unalia huzai, unasema umelogwa!"

"Ninel," nikamwambia, "fungua kabati, tutoe kile kiti cha magurudumu. Dakika moja tu."

"Ameomba lini?"

"Ameomba sasa hivi."

"Basi aje keshokutwa." Halafu akamwona mzee alivyokuwa wa rangi ya majivu, sauti ikashuka. "Kapa, dada yangu, ufunguo anao yeye Masofa. Ningekuwa nao ningeshakikalia mimi mwenyewe."

Tukaenda Mawinguni. Viti vitano vilikuwa na watu, cha sita kikiwa wazi. Porfiri Lukich akakaa, akafumba macho, akaweka mikono magotini. Nikaanza kuhesabu moyoni. Nilifika kumi na moja.

"Tunaagiza nini?" mhudumu akauliza.

Mzee akafumbua macho. "Binti, hapo umenivunjia."

"Nimevunja nini mimi? Sijagusa kitu!"

"Mletee chai," nikasema, "na wewe ufunge mdomo dakika moja."

"Chai na nini? Chai peke yake haimpi mtu haki ya kiti, ni mpaka chakula cha moto. Sijaandika mimi, imeandikwa hapo. Pelmeni zinachukua dakika ishirini. Na aliyekuja kabla yenu yuko kule, amesimama. Nani wa mwisho kwenye foleni? Wewe bibi wa mwisho ni wewe?"

Foleni ikazuka hapo hapo, kwa sababu kwetu ukisema "nani wa mwisho" hata jangwani watu sita watajitokeza na kugombana. Nikamshika mzee mkono, tukatoka. Saa ilikuwa tatu na dakika arobaini na saba.

Kilibaki kile kiti cheusi. Nilijua kilivyo. Najilaumu hadi leo kwa kutomwonya, lakini nilidhani, pengine, siku ya kwanza, pengine bado hakijaunganishwa. Mzee alikizunguka, akakigonga mgongoni kwa kidole cha kazi. "Plastiki," akasema. Akakaa. Akafumba macho. Vijana wa visima waliokuwa karibu walipoona kinachofanyika wakavua kofia wenyewe, wakaacha kutafuna. Tano. Kumi. Kumi na tano.

"Mpendwa mgeni!" kiti kikaita, kwa sauti tamu iliyosikika ukumbi mzima. "Umekaa bila kulipia. Tafadhali lipia, au unyanyuke ili wengine wafurahie huduma!"

Ilikuwa sauti yangu. Ina tabasamu kweli, utafiti haukusema uongo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Porfiri Lukich akanyanyuka polepole, akanitazama, na hakuwa na hasira, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa amechoka tu.

"Umejaribu, binti. Ahsante. Nitamwita jirani anirudishe."

"Babu, kaa basi hapo hapo, tukilipie!"

"Kikilipiwa kinatingishika. Nimekiona kibao. Mtu hakai kwa safari huku anatikiswa kama viazi guniani. Na sakafuni sikai, nikishuka huko mtaninyanyua kwa winchi."

Alianza kwenda mlangoni, mlango wa kurudi mjini. Saa tatu na dakika hamsini na moja. Nikamwona mgongo wake, nikafikiri: Kapitolina, umesema uongo miaka thelathini na moja kwa ajili ya uwanja huu. Una kitu kimoja tu ambacho Masofa hawezi kukipakia kwenye lori.

Nikakimbia. Magoti yangu yalipiga kelele, nikayaacha yapige. Nikaingia kibandani, nikabonyeza kitufe.

"Ndugu abiria wa ndege ya Novosibirsk," nikasema, na sikuweka sukari. "Uwanja huu haujawakalisha. Naomba radhi. Mlango utafunguliwa baada ya dakika tatu, na kati yenu yuko mtu anakwenda kupasuliwa moyo na hajakaa. Porfiri Lukich wa Zaimka, usitoke. Ndugu zangu, kaeni popote mnapoweza. Tukae kabla ya safari."

Watu wote wakaanza kukaa. Ilikuwa kama mtu aliyekumbuka jina lake. Mwanamke mmoja akakalia mzani wa mizigo, ukaonyesha kilo tisini na nne mbele za watu, na hakujali. Wengine walikalia mkanda wa mizigo, wengine kingo za madirisha, wengine sakafu ile ile ya zege, wakikunjia makoti chini, na Ninel Savvichna, aliyekuwa anaokoa vizazi tangu asubuhi, akaketi juu ya beseni la plastiki la kuwekea mikanda na simu, likapasuka, akabaki humo humo.

Mzee alikuwa bado amesimama karibu na mlango. Hapo akamfuata kijana mmoja wa visima, jitu la watu, jina lake Gleb kama nilivyojua baadaye. Hakusema mengi.

"Babu, wewe ni seremala. Kagua mbao hii." Akapiga magoti, akaweka viganja chini, akanyoosha mgongo wake mpana kama meza ya harusi. "Kaa."

"Nitakuumiza, mwanangu."

"Mie nabeba mabomba. Kaa, ndege inaondoka."

Porfiri Lukich akamgusa mgongo kwanza, kwa mazoea ya kazi. Akakaa. Kimya kikaingia.

Na hapo ndipo mlango wa ofisi ulipofunguka, akatoka Eduard Arkadyevich mbio, uso mwekundu. "Nani ameru..." Watu arobaini na watatu wakageuka wakamwambia "Sss!" kwa pamoja. Nami nikaona kwa macho yangu, kupitia dirisha la kibanda, jinsi malezi ya mama yanavyoishinda kozi ya siku tatu. Kijana aliwatazama watu wale wamekaa, magoti yake yakajikunja yenyewe, bila ruhusa ya menejimenti, akaketi kwenye kilichokuwa karibu naye.

Hesabu ya kumi na tano ikatimia.

"Mpendwa mgeni! Umekaa bila kulipia..."

Alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Ukumbi mzima ulimtazama, na hakuna aliyesema kitu, maana anayesema ndiye anayeharibu, na mashine si mtu. Akainama, akaushika waya, akaung'oa sakafuni kwa mkono wake mwenyewe. Sauti yangu ikafa katikati ya neno "tafadhali". Kisha akarudi akakaa, mikono magotini, kama mtoto wa shule.

Tulikaa dakika nzima. Niliitazama saa. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimesimama, mkono kwenye kitufe, nikaona si haki, nikaketi juu ya ndoo ya kudekia.

"Haya," akasema Porfiri Lukich. "Mungu atutangulie."

Ndege iliruka saa nne na dakika nne. Ukungu uliifunika njia kabla sijarudi dirishani.

Kilichofuata unaweza kukikisia. Niliandika barua ya maelezo, kurasa tatu, kwa nini nimetumia kipaza sauti kwa mambo ya imani za kale. Nilikatwa posho ya mwezi. Wiki mbili baadaye Eduard Arkadyevich alitutangazia huduma mpya, na alikuwa anang'aa. Kulikuwa na kigoda kimoja chekundu, kimezungushiwa kamba ya mahameli, na kibao: Kukaa kwa Safari, dakika moja, rubli mia moja na hamsini, kimya kimehakikishwa. Utafikiri yeye ndiye aliyevumbua kukaa. Ninel Savvichna aliwekwa hapo kukata tiketi. Watu walilipia Jumanne ya kwanza kwa aibu. Ijumaa wakaanza kuja na vigoda vyao vya kuvulia samaki kwenye barafu.

Machi ilipoingia, basi namba tatu lilisimama mbele ya mlango wetu, akashuka Porfiri Lukich. Sikumjua mara moja kwa sababu alikuwa na rangi. Nyuma yake dereva na mtu mwingine walikuwa wanashusha benchi, la mbao ya mlarisi, ule mti mgumu wa misitu yetu, refu la watu wanane, limepigwa randa hadi linang'aa, bila msumari hata mmoja. Chini ya kwapa alikuwa na kigoda kidogo.

"Hicho chako," akaniambia, akakipitisha dirishani. "Yule daktari anasema ni mlango mpya wa moyo ndio ulioniponya. Ni mtu mzuri, nimemwacha aamini."

Benchi likawekwa ukumbini, mzee akapanda basi akarudi kwake. Lilikaa salama dakika kumi. Kisha mkurugenzi akalipita, na akauliza namba ya mali. Halikuwa na namba. Lisilo na namba si letu, na lisilo letu, wala halina mtu, kwa kanuni ni kitu kilichoachwa bila mwenyewe uwanjani. Aliletwa Alma, mbwa wetu wa mabomu. Alma amefundishwa kwamba akinusa bomu akae. Alma naye ana miaka kumi na miwili na nyonga mbovu, na tangu Novemba hajaona mtu akikaa kwa raha. Alilinusa benchi, akanusa mlarisi mbichi, akakaa.

Tulitolewa nje sote, kwenye theluji, kwa muda wa saa tatu na nusu. Wataalamu wa mabomu walikuja kutoka mji wa pili. Waliligonga benchi, wakaliangalia chini, na kwa kuwa walikuwa wamechoka na safari, wakalikalia wakivuta sigara. Kuliondoa hakukuwezekana bila namba, basi Ijumaa ikawa hivyo hivyo. Jumanne iliyofuata pia, na mara hii katika baridi ile alikuwamo naibu wa waziri fulani, akiwa amevaa mifuko ya plastiki juu ya viatu.

Ninel Savvichna ndiye aliyesoma kanuni hadi mwisho, kwa hasira tu.

"Kapa, hebu sikiliza hapa. Kitu hakihesabiwi kuachwa iwapo mwenyewe yupo nacho na anakiangalia. Mpigie simu babu yako."

Nikampigia. Tangu siku hiyo, kila Jumanne na kila Ijumaa, Porfiri Lukich hushuka kwenye basi namba tatu saa mbili na nusu, huketi mwisho wa benchi lake upande wa dirisha, mikono magotini, na hukaa hapo mpaka ndege iruke. Akiulizwa, hujibu, "Nipo nalo." Watu saba saba huketi naye kabla ya kupita ukaguzi. Amekaa na maharusi, amekaa na wanajeshi na mama zao, amekaa na mwanamke mmoja aliyekuwa anakwenda kumzika dada yake, na huyo alikaa naye dakika mbili. Gleb kila akienda zamu humpiga mzee begani na kumwambia, "Mbao yangu ilikuwa nzuri zaidi, babu, bisha." Mzee humjibu kwamba ilikuwa na fundo.

Naibu wa waziri hakusahau miguu yake. Kufikia Mei ilijulikana mjini kote kwamba Eduard Arkadyevich amekalia kuti kavu, na tarehe ishirini barua ya kumwachisha kazi ikafika. Wahenga husema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo nikamwona anaingia ukumbini na sanduku moja, bila msaidizi, ndevu hazijachongwa. Tiketi yake ilikuwa ya kwenda tu.

Nilikuwa nimeshaandaa maneno, sitaki kukuficha. Niliyaandaa tangu Novemba, na yalikuwa makali. Lakini alisimama katikati ya ukumbi, pale palipokuwa na kiti cheusi, akatazama kushoto, akatazama kulia, kama yule mzee asubuhi ile, na maneno yangu yakanipotea nisijue yamekwenda wapi. Akalisogelea benchi. Siku hiyo lilikuwa tupu, isipokuwa mwisho wake.

Mkono wake ulikwenda mfukoni, kwenye pochi.

"Kiasi gani, Porfiri Lukich?"

Mzee akasogea kidogo kuelekea dirishani, ingawa nafasi ilikuwa tele.

"Nyamaza," akasema. "Ukisema, hatujakaa."

Eduard Arkadyevich akakaa. Saa ya ukutani ilikuwa imefika wakati wa kuita abiria, kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na rubani alikuwa ananiangalia kwa mbali kupitia kioo. Nikaondoa kidole. Niliketi kwenye kigoda changu, nikasubiri mpaka mzee aseme ile "haya" yake, kisha nikaita ndege. Kwenye daftari la ucheleweshaji nikaandika kama ninavyoandika kila Jumanne na kila Ijumaa: dakika moja, hali ya hewa.